Siku Bei ya Jiwe Ilipofika kwa Simu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Hapa Bagara tu wazima, na mahindi yamebeba vizuri. Umeniuliza kama mitambo unayosomea, inayowasiliana na migodi kutoka mbali, kweli itabadilisha biashara ya madini. Mimi niliiona ikibadilika!

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, na simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia Babati. Babu yako alirudi kutoka machimbo ya Mererani na jiwe moja la buluu. Dalali wetu, ambaye peke yake alijua bei za Arusha, akatikisa kichwa.

"Mama Elia, soko limelala."

Nikaazima simu ya jirani, nikampigia dada yangu aliyekuwa Arusha. Akaingia duka la vito, akauliza.

"Usimpe mtu!" akapiga kelele. "Huku wanayagombania!"

Dalali alisikia kila neno. Akacheka.

"Basi nikupelekee mimi Arusha, unilipe kwa kila safari."

Tangu hapo akawa mpelekaji wetu, na majirani wakamfuata kwa wingi. Nilifurahi mno, mjukuu wangu! Ukikutana na mtambo mpya, tazama kwanza ni nani amejua leo ambacho hakukijua jana.

Bibi yako anayekuwaza,
Mama Elia