Tuliisoma Midomo Yake

Kwako dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wapwa wangu. Naomba ziwakute mna afya, na kile kikohozi cha mdogo kiwe kimepoa. Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, mchana analisahau, jioni linamkumbusha.

Barua yako kutoka huko mji mkuu niliipata. Uliuliza tumelishwa nini hata tukampa urais mtu kama Domo, aliyesimama hadharani akawaita shemeji na wageni wenzake kupe, akaapa kuwaondoa nchini. Ukauliza pia kama bado mje kuhamia chumba cha uani kama tulivyopanga. Nimekawia kujibu kwa sababu mwili wote umekufa ganzi. Nakula, nalala, naamka, basi.

Tangu kiwanda cha nguo kifungwe, mtaa umenyamaza. Wasomi wa serikalini waliokiuza walitujia na maneno matamu na mafunzo ya kutengeneza sabuni. Mtaa mzima ukatengeneza sabuni, na sijui nani alitakiwa kumuuzia nani. Fundi mitambo wetu alisema angalau tutafilisika tukiwa safi. Kura zilipokaribia wakatuambia subira huvuta heri. Domo yeye alikuja akawatukana. Aliwaita wezi, akakitaja kiwanda chetu, akasema waliotufukuza kazi watalia. Wazee walibubujikwa na machozi pale uwanjani. Dada, hakuna mtu aliyewahi kukasirika kwa ajili yetu. Yale ya wageni tuliyasikia pia, kila mtu akajiambia hayo ni ya jukwaani tu.

Sasa kuna jambo ambalo magazeti hayakuliandika. Katikati ya hotuba umeme ulikatika. Vipaza sauti vikazima, umati ukawa unapiga kelele, na Domo akamwinamia msaidizi wake akiamini hakuna amsikiaye. Lakini sisi ni watu wa kiwandani. Kwa kishindo cha zile mashine tulizoea kuongea kwa midomo bila sauti. Mama alikuwa akiweza kumgombeza mtu aliye ng'ambo ya ukumbi. Wote tuliokuwa mbele tulimsoma. Alisema sisi ni ng'ombe, tutampa kura hata akitutemea mate. Akaongeza kwamba kiwanda kile hakifunguliki tena, ila kufukuza wageni ni kazi ndogo, hiyo ataifanya.

Mama alinigeukia, akaniuliza kwa midomo kama nimeona. Nikamjibu kwa midomo kwamba nimeona. Umeme ukarudi, tukapiga makofi. Nyumbani mama alisema tu kwamba wale wasomi nao wanatuona ng'ombe, ila wao wamefundwa adabu.

Kwa hiyo usiwaambie watu huko kwamba tulidanganywa. Mimi nilimpigia kura nikijua kiwanda hakitafunguliwa, na nikijua shemeji ataondolewa. Nilitaka wale wa maneno matamu waumie japo mara moja. Shemeji nilimfikiria, karatasi ikiwa mkononi, na alama nikaiweka hivyo hivyo. Naona aibu, lakini hata hiyo aibu naiona kwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Kuhusu chumba, msije. Wameanza kupita nyumba kwa nyumba wakiulizia wageni, na wanaopita si askari, ni hawa hawa tuliofanya nao kazi. Fundi mitambo alikuja kwetu jana. Aliketi, akanywa maji, akamuuliza mama hali ya goti, kisha akauliza habari za mume wako.

Mama anakusalimu sana, anasema ujifunike vizuri wakati wa baridi. Wakumbatie watoto. Shemeji naye msalimie, kama ukishasoma haya utaona salamu zangu bado zinamfaa.

Ndimi mdogo wako,
Kitindamimba