Mkanda wa Mjomba Severin

Stratford, London
3 Machi 1996

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi mjukuu wako Justin ameniwekea vidole usoni kama dirisha, akafumba jicho moja, akapiga kelele, "Cut!" Nilikuwa natokwa machozi kwa kitunguu, yeye kadhani naigiza. Neno hilo la kusimamisha kamera kafundishwa na mzee ninayemhudumia. Shikamoo mama. Sisi wazima, ila baridi imenikaa mgongoni. Miguu yako je, bado inavimba?

Mzee mwenyewe ni Mhungari, Bwana Kalman. Kwao alikuwa director wa filamu mwenye jina. Vifaru vya Warusi vilipoingia mjini kwao akakimbia, akaja London kutengeneza michezo ya televisheni. Sasa hana hata mgeni. Jana kanisikia namwimbia Justin, akauliza natoka wapi. Nikasema Morogoro. Kikombe kikamponyoka. Anasema alipiga filamu huko mwaka 1972. Unamkumbuka?

Mwanao,
Marcelina


Morogoro
29 Machi 1996

Mwanangu Marcelina,

Marahaba. Miguu ni ile ile, namshukuru Mungu. Nibusie Justin.

Namkumbuka sana. Alitaka mtu wa kulala jenezani, awe maiti wa filamu. Wazee wote walikataa, mzima halali jenezani, ni uchuro. Mjomba wako Severin akacheka: "Nipeni mimi, nipumzike." Akalala. Pasaka haikufika, malaria ikamchukua. Nikamwandikia yule mzungu, umemwua kaka yangu. Picha aliyonitumia nikaichoma, na ndiyo ilikuwa picha pekee ya Severin. Siku hizi sura yake inanipotea.

Malaria iliingia kila nyumba mwaka ule, nilijua. Mwambie nimeyaacha. Msomee mwenyewe, asife na maneno yangu yale.

Mama yako,
Adelina


Stratford
21 Aprili 1996

Mama,

Shikamoo. Naandikia jikoni kwa Bwana Kalman. Hali yake si nzuri, nesi yuko naye juu.

Barua yako ina wiki mbili hapa. Sijamsomea, nisamehe. Nilimwuliza kwanza kama anayo sura ya mjomba, akanionyesha boksi chini ya kitanda. Mikanda yote ya Morogoro! Filamu ile hakuimaliza, mama. Alipopata barua yako aligoma, wenye fedha wakamfukuza, akabaki kupiga matangazo ya sabuni mpaka uzeeni. "Ningewaonyeshaje watu maiti aliyekufa kweli?" Nikasema moyoni, nitafute projekta, tuangalie pamoja, ndipo nimsomee, afurahi mara mbili. Bwana Kishor, mwenye duka la kamera huko Kenton, kaileta leo. Mzee hawezi tena kukaa. Tumeangalia mimi na Justin tu.

Mjomba amelala, mmemzunguka mnalia. Halafu nadhani wamesema cut, maana anainuka! Anajikung'uta maua, anacheka mpaka anashika mbavu. Wewe uko pembeni, mwembamba, umenibeba mgongoni. Anakugeukia, anakuambia kitu. Mkanda hauna sauti, naona midomo tu. Mama, siku ile alikuambia nini? Mimi nadhani ali... ngoja, nesi ananiita, mara ya pili sasa, nashika barua yako napanda nimsomee, labda bado