Siku Tulipopitilizwa Hadi Gilgil

Mjukuu wangu Nekesa,

Sisi huku Njoro tuko salama. Kukhu, bibi yako, anakusalimu, na ng'ombe amezaa. Ramani uliyochora ya nchi yako ya kubuni tumeiona. Unauliza kama reli peke yake inatosha.

Nikiwa kijana, nikifanya kazi ya reli hapa, nilisikia Kukhu yuko hospitalini Nakuru, anakaribia kumzaa mama yako. Nikapanda treni. Behewa lilijaa, mlango mmoja haukufunguka, na kando ya ule mwingine alikaa mama mkwe wangu, ametoka Bungoma kuja kumwona binti yake.

Unajua desturi yetu. Mtu hamsogelei mama mkwe. Yeye alijifunika leso akageukia ukuta. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Tulipofika Nakuru nilingoja ashuke kwanza, naye alingoja nipite. Treni ikaondoka nasi.

Gilgil tulikaa kila mmoja mwisho wake wa stesheni, bila lori wala basi, tukingoja treni ya kurudi. Kwa aibu hata maji sikunywa. Mwishowe mama mkwe aliniambia, akitazama milima: "Baba, mtoto atazaliwa bila sisi."

Ikawa hivyo. Tuliporudi nilisimama nje ya dirisha la wodi, kwa kuwa mama mkwe alikuwa ndani, nikasikia Kukhu akiuliza tulikuwa wapi. Mama mkwe akajibu kwamba treni iliharibika. Nami kule nje nikasema ni kweli. Hatukuwa tumepatana kusema hivyo.

Kukhu hajui hadi leo, kwa hiyo usimsomee barua hii. Chora barabara kando ya reli. Na kila behewa uliwekee milango miwili inayofunguka.

Kuka, babu yako