Majani Yaliyojikunja Juu ya Shimo

Lindi, nyumbani kwa binamu yako

Mwanangu Zainabu,

Shikamoo yako naipokea kutoka huku mbali, na marahaba naitoa kwa sauti niliyobaki nayo. Hujambo wewe? Kifua cha mama mkwe wako kimepoa? Binamu yako ananitunza vizuri, ananinywesha uji kwa kijiko, lakini miguu imevimba na pumzi haifiki chini. Sidhani kama nitaiona Ramadhani. Naandika mwenyewe, kwa herufi nilizokufundisha, ili usome peke yako. Usimsomee mtu mpaka umetimiza ninayokuagiza.

Mchuuzi wa chumvi aliyetoka Songea ameniambia mnakula mizizi ya porini, kwamba Maposeni nzima haina mbegu, na kwamba mnataka kuliacha shamba mhamie Tunduru. Kisha akaniambia njaa imemchukua mwanao Hamisi. Zainabu, msihame. Chini ya shamba lenu kuna ulezi.

Wakati wa vita vya Maji Maji, wewe ukiwa umejificha milimani na watoto, mimi na marehemu mumeo tulichimba shimo nyuma ya nyumba. Tulikandika kuta zake kwa udongo wa kichuguu, tukawasha moto ndani mpaka zikakauka, tukajaza ulezi na majivu. Juu tukapanga magogo, tukafukia. Halafu tukafanya kama walivyofanya wote huko: tuliona ardhi tupu itatusaliti, tukapanda mahindi juu yake. Tulijiona werevu.

Katikati ya msimu mvua zikasimama. Udongo uliokuwa juu ya magogo ulikuwa mchache, ukakauka kabla ya mwingine. Jua halijafika utosini, mahindi ya hapo yalikuwa yamejikunja kama tumbaku iliyosokotwa, na ya jirani yangali yamekunjua majani. Majani ya chini yakageuka manjano, mmea ukayaacha yafe ili ya juu yaishi. Hata shina moja la ukingoni, ambalo nusu ya mizizi yake ilikuwa kwenye udongo wenye unyevu, nalo lilifunga majani. Nikaelewa kwamba mmea haungoji kiu iumalize. Mzizi ukionja ukavu hupeleka habari juu, na jani hujifunga kulinda maji yaliyopo. Nilitamani kuyakunjua kwa vidole vyangu.

Mchana mmoja akaja ombasha wa Wajerumani na askari wake, waliokuwa wakizunguka kuchoma maghala. Akasimama mbele ya mahindi yale, akaniuliza:

"Mwalimu, mbona haya yamelala na wenzake wako macho?"

"Yanaumwa, ombasha. Funza wa mizizi."

"Funza gani hao wenye adabu? Wamekula duara!" Askari wakacheka. Mmoja akachomoa singe ya bunduki yake, akaanza kuchoma udongo. Mumeo alikuwa kando yangu.

"Apa," ombasha akaniambia.

Nikainua mkono. "Wallahi, chini ya mahindi haya hakuna kitu ila udongo."

Ombasha akawageukia askari wake. "Mwacheni," akasema. "Mwalimu akisema uongo, nani atatusomea hitima tukifa?"

Wakachoma nyumba badala yake. Walimchukua mumeo kubeba mizigo, nami wakanichukua hadi huku Lindi kwa kuwa najua kuandika. Mumeo alifia njiani, unajua. Siri ya shimo ikabaki kwangu peke yangu.

Sasa sikia ninaloungama. Ningeweza kukupelekea habari. Wachuuzi walipita mlangoni hapa, nikawatazama tu. Niliogopa kwamba shimo likifunguliwa watu watasema mwalimu wao wa Kurani aliapa uongo kwa jina la Mungu. Nililinda jina langu, na mjukuu wangu akafa hatua chache kutoka kwenye ulezi.

Nyumba imeungua na alama zote zimepotea, siwezi kukuelekeza mahali penyewe. Lakini mvua zikianza kukatika, nenda jua likishapanda. Yatazame majani yaliyoota nyuma ya pale nyumba ilipokuwa. Kutakuwa na duara linalojikunja na kukauka wakati pembeni bado kijani. Chimba hapo, kabla mtu mwingine hajaliona na kabla hapajakauka pote.

Ukiukuta ulezi mzima, kwanza pika uwalishe masikini kumi, ndiyo kafara ya kiapo changu. Usiwahesabu wanao wala mama mkwe wako. Wao wana haki yao. Kisha tenga mbegu. Baada ya hapo kuleni.

Nisalimie mama mkwe wako, na shemeji yako mhunzi, na yule bibi mkunga aliyempokea Hamisi. Binamu yako anawasalimu nyote.

Sikuombi unisamehe leo. Chimba kwanza. Watoto wakishashiba, uamue.

Baba yako