Simu Ambayo Haijazaliwa

Kiirua, kwa Wanja

Dada yangu Igoki,

Huyo anakusomea hii barua asome polepole, na asiruke mahali nimekasirika. Wewe uko aje? Jicho liko aje? Wamelifungua ama bado limefungwa? Usilale upande wa jicho, na usiiname kupuliza moto, wacha mwingine apulize. Mimi niko mzima, ni magoti tu na hii baridi. Huku ukianika nguo asubuhi, jioni unaitoa na maji yake vile uliianika. Mimi mtu wa Siakago, mtu wa jua na ndengu, nimekuja kuzeekea kwa ukungu kama kabichi. Lakini hiyo tuwache.

Anayeniandikia ni jirani yangu Mama Makena, alikuwa mwalimu wa nasari. Ananiambia nipunguze maneno karatasi itaisha. Nimemwambia kalamu ni yake lakini mdomo ni wangu.

Sasa Igoki. Nimekupigia simu tangu Jumatatu na hushiki. Najua unaisikia ikilia. Ciarunji, yule wa kuleta ndengu huku soko, aliniambia vile ulisema. Ati mimi Ruguru nimekula viazi za Kiirua nikasahau tumbo tulitoka. Ati ulikaa kwa benchi ya hospitali ya macho, peke yako na jirani, ukipiga na kupiga, mpaka daktari akakuita, na mimi nilikuwa nimekuahidi nitakuombea kwa simu kabla hajashika kisu. Ni kweli niliahidi. Sikatai. Lakini sikiza kwanza vile ilikuwa, halafu ukasirike ukijua.

Simu yangu ilikufa. Ile ndogo ya kubonyeza, yenye tochi. Betri ilifura kama mandazi, kifuniko kikakataa kufunga. Nikampatia binti yangu Wanja, Wanja akampelekea bwanake, mkwe wangu Mwenda. Unajua Mwenda ana duka la dawa za mimea na mbolea hapa senta. Kwa hayo maduka jirani yake betri zimejaa, zimepangwa kama sabuni. Ni kutoka mlango wake kuingia mlango ule mwingine. Unajua alisema nini? Alimwambia Wanja, "Mwambie mama avumilie kidogo. Kuna simu mpya inatangazwa na ile kampuni. Ikitangazwa nitainunua, hii yangu utachukua wewe, na hiyo yako itaenda kwa mama. Sasa ya nini kuweka betri kwa kitu ya kutupwa?"

Igoki, simu yangu ikawekwa kwa foleni nyuma ya simu ambayo haijazaliwa!

Na si yeye peke yake. Hapo nje ya duka kuna benchi, na hiyo benchi imekuwa kanisa. Kuna kinyozi anaitwa Koome, kuna mwalimu mmoja wa sekondari, na wengine wanapita wanakwama. Kutoka asubuhi ni hiyo simu tu. Mmoja anasema itakuwa na kamera nne. Mwingine, "Hapana, nimeona picha ya kava yake, mashimo ni matatu." Ati mtu huko mbali ameona kava, na kava haina simu ndani, na hawa wanaangalia mashimo ya kava kama mtu anaangalia jani la chai kwa kikombe ajue kama mgeni anakuja. Koome aliapa itakunjwa kama Biblia. Mwalimu akasema haitakuwa hata na tundu ya chaja. Wakanuniana wiki nzima kwa sababu ya tundu! Watu wazima, wenye watoto.

Kuna mama mmoja wa huku juu alikuja na pampu kwa mgongo, viazi zake zimeshikwa na ule ugonjwa wa kukausha majani, na huo haungoji. Akasimama. Akasimama. Akauliza, "Baba, dawa iko?" Mwenda akamwambia, "Dakika moja mama," halafu akamgeukia Koome, "Lakini rangi ya dhahabu hawawezi rudisha, hiyo walishawacha." Huyo mama akaenda kununua dawa kwingine. Ni yeye mwenyewe aliniambia, tukichota maji.

Utauliza, na wewe Ruguru mdomo wako ulikuwa wapi? Mdomo ulikuwa umefungwa na mila. Unajua mimi na mkwe hatusimami uso kwa uso. Watu wa siku hizi wanacheka, wanakula na wakwe wao meza moja wakipitishiana chumvi. Lakini Mwenda alilelewa na babu yake, na heshima anajua, hiyo siwezi mnyima. Mimi niko kwa kajumba ka jikoni hapa nyuma, yeye nyumba ya mbele. Akiniona kwa njia anaingia kwa shamba ya mtu, hata kama kumelimwa, anasimama huko kwa matope mpaka nipite. Nikitaka kitu namwambia Wanja, Wanja anamwambia, na jibu linarudi kwa hiyo njia. Kwa hivyo kila siku ilikuwa, "Wanja, muulize betri." Na kila siku, "Mama, amesema imebaki wiki mbili." Halafu wiki moja. Halafu siku tatu. Nilikuwa nahesabiwa kama mtu anangoja Yesu. Na simu ya Wanja haingesaidia, namba yako iko kwa laini yangu tu, kwa kichwa siijui.

Ndio siku moja Ciarunji akaja na gunia lake la ndengu akanipatia yale maneno yako. Igoki, sikuvaa hata sweta. Niliwacha uji wa wimbi kwa moto nikashika njia. Magoti yalisahau kuuma.

Na unajua ilikuwa siku gani? Ilikuwa ndio siku yenyewe, hiyo kitu ingetangazwa jioni. Benchi imejaa. Koome amevaa shati ya kanisa! Mwenda aliponiona nakuja akaingia nyuma ya madebe ya dawa na magunia ya mbolea. Nikaingia pia. Nikasimama mbele yake, mimi mama wa bibi yake.

Nikamwita kwa jina la mtoto wake, "Baba Kendi, leo naongea na wewe kwa mdomo wangu."

Akaangalia chini. "Mama, tafadhali, Wanja anakuja..."

"Wanja hatakuja. Simu yangu iko wapi?"

Koome akasema huko nyuma, "Mama, ngoja tu kidogo, ni saa kumi na mbili jioni wanaanza." Nikamwambia, "Wewe Koome nyoa watu. Kuna mwingine alikuja ukamwacha na kichwa nusu." Na ilikuwa kweli, mzee mmoja alikuwa kwa mlango wa kinyozi na kitambaa kwa shingo, upande mmoja uko na nywele. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mwenda akafungua droo. Akatoa simu yake nyingine, ya zamani. Akasema, "Mama, laini yako niliiweka humu, isifungwe kwa kukaa bure. Iko salama."

Nikamuuliza, "Kama laini iko humu, dada yangu akipiga inalia wapi?"

Akafunga droo tena. Halafu akasema, pole pole, akiangalia mbolea, "Ililia mama. Ililia mara saba."

Mara saba, Igoki! Ulikuwa unalia ndani ya droo, kati ya pakiti za mbegu ya sukuma!

"Na hukushika?"

"Ningeshikaje? Nilisoma jina kwa simu, Dada Siakago. Huyo ni dada yako, na dada yako ni mama mkwe. Ningemwambia hallo?" Na hakuwa anatania, Igoki. "Na kukuletea nayo singeweza, siingii kwako. Nilingoja Wanja arudi kutoka kliniki na watoto nimpatie. Halafu..."

"Halafu?"

"Halafu Koome akaja na picha mpya ya kava."

Sasa niambie. Mtu kama huyo unamfanya nini? Alikuheshimu, Igoki. Alikuheshimu mpaka akakuwacha peke yako mbele ya kisu. Nilimwambia, "Heshima ya kuogopa kuniambia dada yangu anaita, hiyo sijafundishwa na mtu. Ungerusha simu kwa dirisha! Ungepiga mluzi! Ungemtuma huyo mama wa pampu!" Nikasema mengine, Mama Makena amekataa kuyaandika.

Jioni walitangaza. Wanja aliniambia. Ni ileile simu. Kamera imesogezwa kidogo, na kuna rangi mpya kama ya maharagwe yamechacha. Hawakulala na huzuni, wapi! Koome alisema ile ya mwaka ujao ndio moto, kuna mtu amesikia. Lakini Wanja anasema Mwenda hakukaa kwa benchi hiyo siku. Asubuhi nikifungua mlango nikapata simu yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, na betri mpya ndani. Yeye alikuwa amesimama mbali kwa viazi, amenipa mgongo. Sasa wazee wa huku wanasema nilivunja mila na ni lazima tukae chini tuongee. Wakae. Nitakuja na kiti yangu.

Wewe ndio sijui nitaongea na wewe aje kama hushiki. Basi nasema hivi. Jumapili nikitoka kanisa nitapiga. Shika tu, hata usiseme kitu. Nitaomba ile maombi nilikuwa nimekuwekea, yote, kutoka mwanzo, hata kama kisu kilishapita.

Nisalimie mdogo wetu Njiru, na bibi yake, yule anafuga nyuki, umwambie asali iliisha. Nisalimie huyo jirani alikushika mkono kwa benchi. Mkono huo ulikuwa uwe wangu, mwambie nimemshukuru na nimemwonea wivu.

Haya nimenyamaza. Hii alama nyeusi hapa chini ni kidole changu. Maneno yote ni mwandiko wa Mama Makena, lakini hii ni mimi. Siku wakifungua jicho, waambie wakuletee karatasi, uangalie hapa kwanza.

Ruguru, wa tumbo moja na wewe