Papa Mweupe na Mti wa Mwaloni

Alhamisi, Bariadi

Kitabu hiki kipya kitaniua! Tangu biashara ya vitabu iwe huria, mwalimu mkuu ananunua kwa yeyote anayefika na gari. Sasa darasa la sita walinganishe papa mweupe na mwaloni. Bahari hatujaiona, na mwaloni ni mti wa Ulaya. Nilimwomba mwalimu mkuu tuweke sangara na mgunga, vitu watoto wanavyovijua.

"Mwalimu, fuata kitabu. Mtihani utatoka humo."

Nikafundisha nisichokijua. Leo nasahihisha. Kabula, mtoto ninayemtegemea kufaulu, ameandika: "Papa na mwaloni vinafanana kwa sababu mwalimu wetu hajawahi kuviona."

Nimemwekea alama ya kosa. Ningefanyaje? Kitabuni jibu hilo halimo.