Kushinda kwa Kete Nyingi

Jumapili

Kuanzia leo, kwenye klabu yetu ya drafti hapa Sokon One, anayemwacha mwenzake kwa kete nyingi anapata pointi nyingi zaidi. Ndiyo maana niliendelea kumlia Mama Happy kete zake hata aliposema, "Basi dada, umeshinda." Aliondoka bila kuniaga. Nimepanda hadi nafasi ya pili na sina raha.

Marehemu mume wangu, Elia, akiona nimeshashindwa aliacha kucheza, akaniuliza siku yangu ilikuwaje. Sikuwahi kujua angeweza kunifunga kwa kete ngapi.

Kesho nitamwambia katibu ushindi uwe ushindi tu. Lakini Elia… ningekubali anilie kete zote, mradi akae hapa mbele yangu.